Chuo kinaanzisha mieleka na kinataka niwe kocha mkuu, niende au nibaki?

SWALI (nimelikata kidogo): "Shikamoo kocha. Mimi ni kijana wa miaka 27, kwetu Fizi, Kongo, ila nimezaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, tukaja Des Moines nikiwa na miaka 9. Mieleka nilianza darasa la saba huku huku Iowa, nikacheza mpaka chuo, na sasa ni mwaka wa nne niko kocha msaidizi. Kuna chuo kidogo cha kanisa, mwendo wa masaa matano kwa gari, wanaanzisha mieleka kutoka sifuri, wanaume na wanawake, na wananitaka niwe kocha mkuu. Mke wangu ana mimba ya pili na anaogopa. Mama anasema hakunisomesha ili nikacheze. Niende? Na hiyo miaka ya kwanza inakuwaje hasa?"

JIBU:

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Swali lako nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye gari nje ya ukumbi nasubiri vijana wangu wamalize kupima uzito, nikacheka peke yangu pale kwenye habari ya mama maana mama yangu mimi mpaka leo, mwaka wa kumi na saba huu wa ukocha, akiulizwa kanisani mwanao anafanya kazi gani anajibu ni mwalimu. Mwalimu wa nini hasemi. Ukimtajia mama wa kwetu mieleka yeye anaona wale wa kwenye tivii, Undertaker na kupigana viti vya chuma, sasa eti mtu asome miaka minne ili akafundishe watu kupigana viti, hata mimi ningelia.

Ntajibu yote uliyouliza ila sio kwa mpangilio wako, kwa sababu lile swali kubwa kabisa hukuliuliza. Hukuniuliza hicho chuo kinataka mieleka ya nini.

Alipokupigia yule mkurugenzi wa michezo alikwambia nini? Naotea: familia, imani, kujenga tabia za vijana, nafasi ya kuandika historia. Sawa, huenda anaamini kila neno. Lakini vyuo vidogo vya binafsi vya huku vinaishi kwa ada, hazina ya kutegemea kama ya Harvard hawana, watoto wanaomaliza sekondari huku vijijini wanapungua, na mwanamieleka ni mwanafunzi anayekuja na sababu yake mkononi, humshawishi kwa ubora wa maktaba. Piga hesabu ya mfano tu: vijana 35, kila mmoja baada ya punguzo la ada anakiachia chuo dola 15,000 kwa mwaka, hiyo ni 525,000. Toa mshahara wako, toa wa msaidizi, toa mikeka na mafuta ya vani na hoteli za bei rahisi, chuo bado kinacheka. Na mieleka haidai uwanja wa nyasi wala bwawa wala farasi, inadai chumba chenye joto na mkeka. Ndo maana vyuo vya aina hii vikikaa kikao cha kutafuta wanafunzi, mieleka inatajwa mapema sana.

Sikwambii haya ili umwone mkurugenzi ni tapeli. Hiyo biashara imenilisha mimi na imewasomesha vijana ambao bila mieleka wasingekanyaga chuo. Nakwambia ili ujue umeajiriwa kufanya nini. Kwenye karatasi wewe ni kocha, kiukweli wewe ni ofisa wa usajili wa wanafunzi ambaye jioni anaruhusiwa kufundisha mieleka. Kama hilo linakuchefua, baki ulipo, na sitakulaumu, kuna makocha wasaidizi wazuri sana ambao wakipewa simu wawapigie wazazi 30 kwa wiki wanaugua.

Basi swali la kwanza la kumuuliza, na ulitake kwa maandishi: mwaka wa kwanza mnataka vichwa vingapi, na nikileta 18 badala ya 30 inakuwaje? Angalia uso wake wakati anajibu.

Wewe unakaa Des Moines kwahiyo mfano mzuri uko mlangoni kwako na nina uhakika umeshacheza dhidi yao. Grand View. Kabla ya msimu wa 2008-09 walikuwa hawana mieleka kabisa, wakamchukua Nick Mitchell aliyekuwa amecheza Wartburg, chuo kingine cha Iowa, msimu wa nne tu, 2012, wakabeba ubingwa wa taifa wa NAIA, shirikisho la michezo la vyuo vidogo, na wakaendelea kuubeba kila mwaka mpaka 2019. Miaka minane mfululizo, chuo ambacho nusu ya Marekani haijui kiko wapi. Watu wanaisimulia kama muujiza na makocha wapya wote wanaitaja kwenye usaili, na nadhani hata wewe umeshaandaa sentensi yake.

Mimi nikiitazama kwa nje naona vitu viwili ambavyo havina muujiza. Kocha alibaki. Hakuanzisha halafu akaruka mwaka wa tatu kwenda kuwa msaidizi chuo kikubwa, na kwenye programu mpya kocha akiondoka mwaka wa tatu vijana wanaondoka naye kwa sababu hawakuja kwa ajili ya chuo, walikuja kwa ajili yake. Cha pili, yuko katikati ya jimbo ambalo mtoto anapewa viatu vya mieleka kabla hajajua kufunga kamba. Weka kidole kwenye ramani ya hicho chuo chako, chora duara la masaa matatu ya gari, uhesabu ni sekondari ngapi humo ndani zina mieleka ya maana. Duara likiwa tupu, utakuwa unalala kwenye vani.

Sasa upande wa giza, maana huu ndo unaomtisha mkeo na yuko sahihi kuogopa. Fresno State kule California walikuwa na mieleka, ikafutwa, wakairudisha 2017 kwa shangwe, ukumbi unajaa, na Oktoba 2020 wakatangaza wanaifuta tena. Makocha na vijana waliohamia kule kwa ajili ya hiyo programu ilibidi wafungashe. Mwaka huohuo Stanford walitangaza kufuta michezo 11, mieleka ikiwemo, na kijana wao Shane Griffith akaingia mashindano ya NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, ya Machi 2021 na singleti, ile nguo ya kubana ya mieleka, nyeusi isiyo na jina la chuo, akashinda uzito wa paundi 165, na Mei chuo kikabadili uamuzi. Hadithi tamu na mimi nilipiga kelele sebuleni mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini iangalie vizuri: Stanford iliokolewa na wahitimu wake wenye hela, wenye mawakili, wenye majina. Programu yako mpya haina mhitimu hata mmoja. Siku mkurugenzi akihama au rais wa chuo akibadilika, nani atapiga kelele kwa ajili yako? Mzazi wa kijana wa mwaka wa kwanza?

Kwahiyo swali la pili: hela iko benki au iko mdomoni? Tazama walioanza wakiwa na hela mezani. Little Rock, Arkansas, walipoanzisha mieleka ya daraja la kwanza la NCAA, ya kwanza kabisa kwenye jimbo lile, kulikuwa na mfanyabiashara Greg Hatcher aliyeahidi dola milioni 1.4, ndo wakaingia mkekani msimu wa 2019-20. Morgan State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi pale Baltimore, mieleka yao ilikufa miaka ya 1990, ikatangazwa kurudi 2021 kwa msaada wa dola milioni 2.7, wakamwita Kenny Monday, bingwa wa Olimpiki ya Seoul 1988, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya mieleka. Pale mtu alikuwa ametoa hundi kabla kocha hajatafutwa. Hicho chuo chako sio lazima kiwe na mamilioni, ila lazima kuwe na mstari wa bajeti wenye jina lako kwa miaka mitatu, sio "tutaangalia."

Na chunguza afya ya chuo chenyewe, sio ya mieleka tu. Hapo Iowa kwenu Iowa Wesleyan ilikuwepo tangu 1842, ikafunga milango 2023, na chuo kikifa hakuna mchezo unaobaki. Tafuta idadi ya wanafunzi wa miaka mitano iliyopita, inapatikana wazi. Waulize walinzi na wapishi wa kantini kama mishahara inaingia kwa wakati, hao hawana sababu ya kukudanganya.

Haya, miaka ya kwanza inakuwaje.

Ntakwambia yangu. Chuo sikitaji. Waliniambia chumba cha mazoezi kiko tayari. Nikafika mwezi wa nane, jua kali, nikakuta wamebomoa ukuta kati ya kumbi mbili za zamani za raketiboli. Kila ukumbi ni futi 20 kwa 40, ukiviunganisha unapata 40 kwa 40. Mkeka waliokuwa wameshanunua ni futi 42 kwa 42. Hakuna aliyepima. Nikasimama pale na fundi wa chuo, mzee mmoja mstaarabu sana, tunatazama mkeka umejikunja ukutani kama chapati iliyozidi kikaango, akaniuliza, "Sasa kocha tunaukata?" Tukaukata. Bado najisikia vibaya nikikumbuka ule mlio wa kisu. Feni hakuna, madirisha hakuna, kuta hazina magodoro ya kuzuia vichwa, wiki mbili za kwanza tulifundisha katikati tu kama watu wanaochezea kwenye jamvi la wageni.

Wewe kabla ya kusaini nenda na futi kamba yako. Sitanii.

Usafi wa mkeka ni wako pia, maana mwaka wa kwanza hakuna mwingine. Kila siku, dawa ya kuua vijidudu, mopu mbili, moja ya dawa na moja ya maji, kabla ya mazoezi na baada. Choa, majipu, na ule ugonjwa wa malengelenge wa wanamieleka havina huruma na programu mpya, kijana mmoja akija na choa shingoni akaficha kwa sababu anaogopa kukosa mechi, baada ya siku kumi una vijana tisa wamekaa benchi. Mimi kila Jumatatu nilikuwa nawapanga mstari na tochi ya simu, shingo, mikono, nyuma ya magoti. Wanacheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hawacheki.

Halafu mechi ya kwanza. We unajua lakini wasomaji wengine hawajui: timu inapaswa kuwa na watu kwenye uzito kumi, kuanzia paundi 125 mpaka 285, na uzito ambao huna mtu mpinzani anapewa pointi 6 za bure. Mimi siku ile nilikuwa na watu sita. Mmoja kaumia goti, wawili masomo yamewakatalia, na kule kwenye 285 sikuwahi kuwa na mtu, niliyemsajili alikwenda kucheza mpira wa Kimarekani. Uzito minne mitupu ni pointi 24 kabla filimbi haijalia. Hata wote sita wangeshinda kwa pointi za kawaida, tatu tatu, ni 18. Yaani tulishafungwa kwenye kalamu, na vijana wanajua kuhesabu. Ukumbini watu labda arobaini, nusu wazazi. Tukapigwa 41 kwa 9. Ila ndani ya zile 9 kulikuwa na kijana wangu wa 133, sekondari hakuwahi kufika hata mashindano ya jimbo, yuko nyuma kwa pointi, zimebaki kama sekunde ishirini, akamkaba mtu kichwa na mkono, akambwaga chali, mabega yote mawili chini, refa akapiga mkeka. Wale watano waliobaki walitoka benchini kama tumechukua ubingwa wa dunia. Mkurugenzi wa michezo alikuwa ameshaondoka. Nilimpigia simu usiku nikamwambia amekosa mwanzo wa programu yake.

Usajili ndo nyama ya kazi kwahiyo ngoja nikae hapa. Kosa langu la kwanza nilikimbilia mabingwa. Nikaenda mashindano ya jimbo, nikaenda mashindano ya taifa ya vijana ya Fargo mwezi wa saba, nasimama karibu na vijana ambao vyuo vikubwa kama Iowa na Penn State wameshawapigia simu, najitambulisha, wananiitikia kwa heshima kabisa, kumbe wanatafuta mlango. Kijana wa chuo kipya ni yule aliyepoteza mechi moja kabla ya kupanda jukwaani, amekaa kwenye ngazi za ukumbi na taulo kichwani, na kocha wake wa sekondari amekaa pembeni haongei. Huyo msogelee, lakini sio dakika ileile jamani. Msogelee kocha wake wiki ijayo. Kocha wa sekondari ndo mshenga, ukimharibia mtoto mmoja hakupi mwingine tena, na makocha wa kijiji na kijiji wanaongea kuliko wake wa Kigoma kwenye foleni ya maji.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka wa kwanza nilisajili 31, chuo wakanipigia makofi, picha ikawekwa kila mahali. Mwezi wa tano walibaki 17. Nilijiambia ni uvivu wao, mke wangu akaniambia hapana, uliwadanganya. Na kweli. Niliwaambia wote watacheza mwaka wa kwanza, niliwaambia mji una raha, na sikuwahi kukaa na mzazi nikampigia hesabu ya mkopo mpaka senti ya mwisho. Kijana akipata bili mwezi wa kwanza ambayo mama yake hakuitarajia, hakuna mbinu ya mkekani itakayombakiza. Kuanzia mwaka wa pili nilikuwa naenda nyumbani na karatasi moja: ada, punguzo, mkopo, kiasi utakachodaiwa ukimaliza. Nilipoteza watoto kadhaa palepale mezani. Waliobaki walibaki. Kwahiyo mwaka wa kwanza ukipewa shabaha ya vichwa, wewe jiwekee yako ya siri: wangapi watarudi mwezi wa nane wa mwaka wa pili. Hiyo ndo itakayosema kama unajenga au unajaza ndoo iliyotoboka.

Suala la kukata uzito nalo uliweke sawa siku ya kwanza, kabla timu haijatengeneza tabia zake. Mwaka 1997, ndani ya wiki chache tu, vijana watatu wa vyuo walikufa wakijikausha maji ili wafikie uzito. Ndo NCAA wakapiga marufuku sauna na suti za plastiki, na leo kabla ya msimu kijana anapimwa mkojo kuona kama ana maji ya kutosha, anapimwa mafuta ya mwili, mwanaume haruhusiwi kushuka chini ya asilimia 5, na kwa wiki asipunguze zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake. Unazijua hizi. Lakini kwenye programu yenye uzito mtupu kishawishi kinakuja kwako wewe kocha, sio kwa kijana: una wawili wa 157 na hakuna wa 149, unamtazama mmoja unasema moyoni angeweza kushuka. Mimi nilishamkuta kijana saa tano usiku anakimbia ngazi amevaa mfuko wa takataka chini ya hudi, na aliyempa wazo ni mimi, kwa sentensi moja ya utani niliyotupa wakati wa chakula. Nilimpeleka kwangu akala wali. Ule uzito tukauacha mtupu msimu mzima.

Sasa hili la wanawake. Umelitaja kwa neno moja tu, "na wanawake", kama mtu anayesema na chumvi, nami naona huko ndo kuna mustakabali wako. NAIA walifanya ubingwa rasmi wa wanawake mara ya kwanza 2023, NCAA wakapitisha wao Januari 2025 na ubingwa wa kwanza ukawekwa 2026. Hapo Iowa wasichana wa sekondari mchezo wao ulitambuliwa rasmi 2022. Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza timu ya wanawake 2021, wakamchukua Clarissa Chun, mwenye shaba ya Olimpiki ya London 2012, msimu wa kwanza kamili 2023-24 wakawa mabingwa wa taifa. Msimu wa kwanza! Kwa wanaume hilo haliwezekani kabisa, kule mbele yako kuna vyuo vyenye miaka mia. Kwa wanawake kila mtu ni mgeni, kwahiyo mgeni mwenye bidii ana nafasi.

Lakini usikubali kufundisha timu zote mbili peke yako kwa mshahara mmoja. Wanaume wanacheza fokstaili, mtindo wa vyuo vya huku, wanawake wanacheza fristaili, mtindo wa Olimpiki, sio mchezo uleule na nguo tofauti: kwenye fristaili hakuna kumshikilia mtu chini dakika nzima ukakusanya muda, ukimgeuza mgongo mara moja pointi zinaingia, ukizubaa unasimamishwa. Mazoezi yake ni mengine, kalenda nyingine, usajili mwingine. Waambie nataka kocha wa wanawake mwenye mshahara kamili, na awe mwanamke ikiwezekana, kabla ya msichana wa kwanza kusajiliwa. Wakisema mwaka wa pili, jua ni mwaka wa tano.

Na una kitu ambacho makocha wengi wa huku hawana. Unaweza kuingia nyumba ya Mkongo au Mrundi ukavua viatu mlangoni, ukasalimia kwa mpangilio, ukaongea na baba kwa lugha yake. Miaka ya nyuma nilimfuata binti mmoja wa kwetu, ana nguvu za mgongo sijawahi kuona, baba yake hataki hata kuiona ile singleti. Nilikaa pale masaa matatu. Saa la kwanza tuliongelea ng'ombe. La pili vita. Singleti tuliifikia mwishoni na ikachukua dakika kumi, nikamwambia kanuni zinaruhusu nguo ya kubana chini yake mpaka kwenye kifundo, akaomba aione, nilikuwa nayo kwenye gari. Binti alimaliza chuo na sasa ni nesi. Makocha wenzangu wangetuma imeili.

Kuhusu hela sitakuficha, mwaka wangu wa kwanza kabisa kama msaidizi nililipwa dola 12,000 na chumba kwenye bweni, nikaona nimefika. Kocha mkuu wa chuo kidogo analipwa vizuri kuliko hapo ila usitegemee utanunua nyumba haraka, wengi tunaongezea kwa kambi za watoto za kiangazi. Hizo kambi uliza ni za nani kwenye mkataba: hela inaingia kwako au kwa chuo? Makocha wengi hawaulizi mpaka mwezi wa sita umefika. Na uliza mkataba wa mkeo, ndio, wa mkeo, vyuo vingi vya aina hii vina nafasi za kazi ofisini na wanapunguza ada kwa familia ya mfanyakazi, ila hawataji usipotaja. Msimu ni kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, wikiendi hazipo, Krismasi unapewa siku nne kama una bahati. Umwambie sasa, sio mwezi wa kumi na moja.

Kama ningekuwa wewe? Ningeenda, kama mambo matatu yapo kwa maandishi: miaka mitatu ya bajeti, kocha wa wanawake, na idadi ya vichwa ambayo haitakufukuzisha ukiikosa mwaka wa kwanza. Likikosekana moja, jadili. Yakikosekana mawili, baki na kazi yako ya usaidizi, una miaka 27, vyuo vinaanzisha mieleka kila mwaka na simu italia tena.

Mama mwachie mkeo na muda. Mama yangu alikuja kuona mechi mara moja tu, mwaka wa sita, akakaa mstari wa mbele na kitenge chake, na kijana wangu mmoja alipobanwa alisimama akapiga kelele kwa Kiswahili "Muachie mtoto wa watu!" mpaka refa akageuka. Bado anasema mimi ni mwalimu.

Kitu kimoja kabla hujawapigia simu. Umesema mimba ya pili lakini hukusema ya miezi mingapi. Bima ya afya ya mwajiri mpya saa nyingine haianzi siku ya kwanza ya kazi, inaweza kusubiri mwezi au zaidi, na ya zamani inaweza kukatika mapema ukiondoka. Waulize tarehe kamili, ukae na mkeo mhesabu wiki kwenye kalenda, na kama kuna pengo omba uanze kazi baada ya mtoto. Chuo kinachokutaka kweli kitasubiri wiki sita.